Chachu Iliyofunikwa Blanketi

Wachuuzi wa samaki wa ufuoni Dunga humjua Nabututu kwa harufu kabla ya sura. Mashua za omena hazijafungwa kamba, yeye bado yuko mbali barabarani, na tayari mandazi yake yameshatangulia na upepo. Wanawake waliokalia ndoo zao wanaanza kugeuza shingo. Halafu ndipo anatokea mwenyewe, mrefu, mwembamba, beseni kichwani, anakuja mbiombio kama mtu aliyeitwa na chifu. Kutembea taratibu hajui. Hata kanisani goti lake moja hucheza chini ya leso mpaka mahubiri yaishe. Mama Debra, mchuuzi wa samaki anayeishi naye ua mmoja kule Nyalenda, husema Mungu alimuumba vizuri tu, ila alisahau kumwekea breki.

Nabututu ni Mbukusu. Alizaliwa juu ya Kimilili, pale njia inapoacha mashamba ya mahindi na kuanza kuupanda Mlima Elgon. Mumewe ndiye aliyemleta Kisumu, alipopata kazi ya kiwanda, naye akashuka kwenye joto hili la ziwani na mzigo mdogo sana: nguo, sufuria, na blanketi la kijivu la mama yake. Mume ameshakufa. Kiwanda nacho kilishafungwa, watu wakatawanyika. Blanketi lipo.

Na kazi ya blanketi hilo si kumfunika mtu. Kinachofunikwa ni unga.

Maana Nabututu hatumii hamira ya paketi. Hiyo, anasema, ni ya watu wenye haraka na wasio na kumbukumbu. Yeye hukata donge la unga uliochachuka jana, hulilisha unga mpya na maji ya uvuguvugu, huliweka kwenye beseni karibu na jiko, kisha hulifunika blanketi pande zote kama mzazi aliyetoka kujifungua. Alimwona mama yake akifanya hivyo kule mlimani, ambako asubuhi nyingine umande uliganda mpaka nyasi zikawa zinakatika chini ya miguu kama vijiti. Mama yake alikuwa akiamka usiku kuusogeza mtungi karibu na moto. Alikuwa akisema chachu ni mtoto mchanga: ukiilaza kwenye baridi itakununia, na ikikununia nyumba nzima italala njaa.

Unga wa Nabututu haujawahi kugoma kuumuka. Hilo alilisema kila mahali, bila kuulizwa.

Mtu aliyelisikia zaidi ya wote ni mjukuu wake Metrine. Nabututu alimlea tangu akiwa wa kubebwa, akamfundisha kukanda akiwa bado anapanda juu ya kigoda kuifikia meza. Sasa Metrine yuko chuo kikuu huko Maseno, na ukimuuliza Nabututu mtoto anasomea nini atakujibu kwa kichwa kilichoinuka: "Chachu. Kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye anaitazama kwa mashine."

Siyo uongo. Metrine alipanda Mlima Elgon na wenzake mpaka kule juu kabisa kusikolimwa, wakachota udongo wa baridi, na ndani ya udongo huo akapata chachu ya aina yake, kidude kisichoonekana kwa macho. Alitaka kujua kitatokea nini kwake siku mlima wenyewe utakapopata joto. Kwa miezi mingi alikuwa ameikuza kwenye kabati la baridi. Sasa kulikuwa na maabara moja Nairobi yenye mtambo wa kusoma kilichomo ndani ya chachu, watafiti wanautumia kwa zamu, na zamu yake ilikuwa imefika. Anaifikisha chachu ikiwa nzima na haijaguswa na joto, anaipasha mwenyewe kwa kipimo, mtambo unasoma. Asipoitumia zamu hiyo vizuri, hakuna aliyejua ingerudi lini.

Ndiyo sababu asubuhi ya Ijumaa alishuka Nyalenda na sanduku la plastiki lenye mfuniko mzito, basi la Nairobi likimsubiri jioni, na mjini ana shughuli zisizohesabika.

"Mulembe, Kukhu," akamsalimia bibi yake. "Siketi. Naacha hii hapa, nikirudi naichukua naenda."

"Chai?"

"Nikirudi."

"Mandazi basi. Umekonda. Huko Maseno mnakula vitabu?"

Metrine akacheka, akachukua andazi, akaliuma huku tayari ameshika mlango. "Kukhu, humo ndani ni ile chachu yangu. Iko hai. Usiiguse." Akaondoka na andazi mdomoni. Alichokosea Metrine ni hicho tu: alimwambia bibi yake kwamba ni chachu, hakumwambia ni chachu gani.

Nabututu akafagia. Akaosha masufuria. Akapita mbele ya sanduku akielekea uani, akapita tena akirudi. Mkono wake ukagusa mfuniko, akauondoa. Alikuwa ameambiwa asiguse, na alikuwa amesikia. Lakini mtu aliyeshinda na chachu maisha yake yote, chachu ya mjukuu wake iko hapo, anaacha kuitupia jicho? Kutazama si kugusa.

Akafungua.

Hewa ya baridi ikamgonga usoni. Humo ndani mlikuwa na chupa tatu ndogo za kioo, zimeshindiliwa katikati ya mabonge ya barafu kama maiti.

"Mayi wangu!" Nabututu akasema peke yake.

Akaita nje: "Mama Debra! Njoo uone vile wamefanyia mtoto wangu!"

Mama Debra akaja na kisu cha kuparia magamba mkononi, akainama, akatazama. "Wuololo! Sasa hii ni samaki ya ngege ama ni nini imewekwa barafu hivi?"

"Ni chachu."

"Chachu kwa barafu? Yawa! Mtoto amesoma mpaka amepita."

"Haraka ndiyo imemfanya," Nabututu akasema, maana hakupenda mtu mwingine amcheke Metrine. "Amebeba kama watu wa samaki wanavyobeba. Ameniambia iko hai. Sasa kitu hai utakiua na baridi hivi halafu ukifikishe Nairobi ukiite hai?"

"Lakini huyo mtoto ametoa hiyo kitu huko kwenu mlimani. Si ni kitu ya baridi?"

"Mimi pia nimetoka huko mlimani! Umeniona nikilala kwa barafu? Hata huko, chachu inatafuta moto. Mama yangu alikuwa anaamka usiku."

Mama Debra akarudi kwa samaki wake.

Nabututu akazitoa chupa moja moja, akazipangusa kwa leso. Zilikuwa na maji meupe meupe, mazito kidogo chini, na povu jembamba juu. Akaziweka kwenye beseni lake, kwenye joto la jiko, ubavuni mwa donge lake mwenyewe. Mbili zikaingia vizuri. Ya tatu haikupata nafasi, akaisimamisha nje ya beseni, upande wa mlangoni. Akafunika blanketi. Lilifunika zile mbili barabara. Ile ya tatu liliigusa begani tu. "Vumilia," akaiambia.

Siku hiyo yote alikuwa na furaha ya mtu aliyemsaidia mwenziwe bila mwenziwe kujua. Aliongeza makaa. Alikwenda dukani na kurudi, akainua pembe ya blanketi, akafunika. Joto la Kisumu nalo likapanda vile linavyojua, mabati yakaanza kulia, mbwa wakatafuta uvungu.

Mchana ukiwa umeshageuka, simu ikaita.

"Kukhu, nimechelewa, foleni hapa haisogei. Nisaidie kitu kimoja. Barafu ya kwenye sanduku itakuwa inayeyuka. Unaweza kupata nyingine kwa Mama Debra uongeze juu? Usizitoe zile chupa. Hiyo chachu haiwezi joto kabisa. Hata hili joto letu la kawaida la hapo Nyalenda, ikilipata, inakufa."

Nabututu akageuka kulitazama blanketi.

"Kukhu? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Utaongeza?"

"Nitaongeza."

Simu ikakatika, na yeye akabaki ameishikilia sikioni. Halafu akafunua blanketi kwa nguvu mpaka vumbi likaruka. Akashika chupa ya kwanza. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Povu lilikuwa limekwisha, ule weupe umeanguka wote chini, na juu maji yamebaki matupu. Ya pili vivyo hivyo. Ile ya mlangoni ilikuwa vuguvugu. Donge lake mwenyewe, ubavuni, lilikuwa limevimba vizuri sana, limejaa, linameremeta. Alilitazama kwa chuki.

Barafu ya Mama Debra ilikuwa imekwisha na samaki wa asubuhi. Nabututu akapanda boda mpaka Dunga, na kwa mara ya kwanza aliingia ufuoni bila harufu yoyote. Ondiek, muuza barafu, alikuwa amelala kivulini juu ya magunia yake.

"Ondiek! Amka unipe barafu!"

"Mama Mandazi! Unakimbia hivi, kiboko ametoka majini?"

"Nipe barafu."

"Leo umeanza kuuza mbuta? Ama unataka kupoza chai? Mandazi na chai baridi, sitanunua, nakuambia mapema."

"Ondiek, mimi nina umri wa mama yako. Pasua hiyo barafu."

Ondiek akapasua, na akaipakia mwenyewe kwenye boda.

Nyumbani akazirudisha chupa, akazizika kwenye barafu mpya, akafunga mfuniko, akalipangusa sanduku, akalisogeza mpaka likasimama pale pale Metrine alipoliacha. Ukiangalia, hakuna kilichotokea. Mama Debra alisimama mlangoni akiutazama mzunguko wote huo.

"Imekufa?" akauliza.

"Sijui. Utajuaje? Ni kitu haina macho, haina pua."

"Basi nyamaza."

"Ati?"

"Nyamaza, Nabututu. Mtoto atachukua sanduku, ataenda. Huko Nairobi ikionekana imekufa, watasema ni safari. Ni basi. Ni joto ya njiani. Nani atasema ni bibi?"

Nabututu akaingia ndani, akatoka nje. Akachukua masufuria aliyoyaosha asubuhi akayaosha tena. Akaanika leso kavu. Akasimama mbele ya sanduku, akaliinamia, akatega sikio kama mtu anayesikiliza pumzi. Shauri la Mama Debra lilikuwa jepesi, na lilikuwa linamfuata kila chumba. Nani atasema? Hakuna. Metrine atapanda basi usiku kucha na chupa tatu za maiti magotini. Atafika pale mbele ya mtambo, wataalamu wamesimama, atafungua. Zamu itakuwa imekwisha bure, na yeye atakwenda huku akijilaumu, akitafuta kosa kwenye mikono yake mwenyewe, mikono ambayo Nabututu ndiye aliyeifundisha kukanda.

Na upande wa pili kuna neno moja tu la kusema, na hakuwahi kulisema kuhusu chachu kwa mtu yeyote.

Akapiga simu. Ilipopokewa alikuwa bado anatembea, akizunguka ua.

"Metrine. Nimeiharibu."

"Nini, Kukhu?"

"Chachu yako. Nilizitoa kwa barafu. Niliziweka kwa jiko. Nilizifunika na blanketi." Akameza mate. "Tangu ulipotoka."

Huko upande wa pili kulikuwa na honi na kelele za makanga wa matatu tu. Nabututu angependa afokewe. Yeye mwenyewe, angefanyiwa hivi, angefoka mpaka sokoni Kibuye wasikie.

"Kwa jiko," Metrine akasema hatimaye.

"Kwa jiko."

"Zote?"

"Moja ilikosa nafasi. Ilikaa nje."

"Sawa, Kukhu. Usiongee kwanza. Acha nimpigie Wakhungu."

Wakhungu alikuwa mwenzake wa chuoni ambaye zamu yake kwenye ule mtambo ilikuwa baada ya yake. Kama angekubali kwenda kwanza, zamu ingebadilishwa na isingepotea. Lakini alipaswa kupanda basi jioni hiyo hiyo, na alipaswa kukubali. Nabututu akasubiri. Ni neno tu, kusubiri. Ukweli ni kwamba alitoka mpaka barabarani na kurudi mara nyingi, mpaka muuza mboga wa pale kona akamuuliza kama amepoteza mtu.

Metrine aliingia uso umekauka, bila kusalimia. Akafungua sanduku, akainua chupa moja dhidi ya mwanga, akatikisa, akairudisha.

"Wakhungu ameenda?" Nabututu akauliza.

"Ameenda. Alilalamika, lakini ameenda. Mimi narudi Maseno kuangalia kama kuna kilichobaki."

"Twende."

"Kukhu, wewe baki tu."

"Nibaki nifanye nini? Nikae na nani? Twende."

Gari likapanda kutoka ziwani kuelekea kwenye mawe na vilima, hewa ikapoa kidogo, na Nabututu alikuwa amelipakata sanduku, akilihamisha kutoka paja hili kwenda lile kila lilipopitiwa na jua la dirishani. Mwishowe Metrine akaweka mkono juu ya mfuniko.

"Unaitikisa."

"Jua linaichoma."

"Halipiti humo, Kukhu." Kisha, kama mtu aliyechoka kubeba hasira peke yake, akaanza kueleza. Chachu hii, alisema, imeumbwa kwa ajili ya baridi. Ngozi yake ina mafuta mepesi ili isigande kule juu. Ukiipasha, ile ngozi inalegea, inavuja. Na vile viungo vidogo vya ndani vinavyofanya kazi zote, vinajikunja ovyo, kama ute wa yai unavyobadilika kwenye kikaango.

"Yai likishakaangwa halirudi," Nabututu akasema.

"Halirudi. Lakini hii chachu ina njia ya kujitetea. Ikipata joto la kuionya tu, inatengeneza sukari fulani ndani yake, ya kujishikilia. Na inatoa vibarua wa kunyoosha vilivyojikunja. Shida ni muda. Joto likija ghafla, inakufa kabla vibarua hawajaamka."

"Na chachu yangu mimi?"

"Yako imezoea. Joto linaloua hii, yako inaliona ni la kuotea jua."

Nabututu akatazama nje. Alijiona mjinga na alijiona mzee, na hakupenda hata kimoja.

Maabara ilikuwa safi kuliko kanisa. Metrine akavaa koti jeupe, akachukua tone kutoka chupa ya kwanza, akalichanganya na rangi ya buluu, akaliweka chini ya hadubini. "Iliyokufa inashindwa kuizuia rangi," alisema, "inakuwa buluu. Iliyo hai inabaki nyeupe." Akatazama. Akatazama tena. Akamwachia bibi yake nafasi.

Nabututu akainama. Ilimchukua muda kujua jicho lifungwe lipi. Halafu akaona duara la mwanga, na ndani yake mipira midogo midogo imetawanyika kama mtama uliomwagika. Buluu. Yote buluu.

"Hizi zote ni mimi nimeziua?" akauliza.

Metrine akaweka tone lingine. Chupa ya pili: buluu. Nabututu hakutaka tena kuangalia. Alikuwa amesimama karibu na mlango, akifungua na kufunga kibindo cha leso.

"Kukhu, hii ya tatu. Ndiyo uliyosema ilikaa nje?"

"Ilikuwa upande wa mlango. Blanketi liliigusa kidogo tu."

"Njoo."

Kulikuwa na buluu nyingi huko nako. Lakini katikati yake palikuwa na mipira iliyokataa rangi, angavu, kama matone ya maji. Mmoja wao ulikuwa na kichwa kidogo ubavuni, kama kitumba kinachotaka kutoka.

"Ziko hai!"

"Usifurahi bado. Kukataa rangi ni jambo moja, kukua ni jambo lingine." Lakini sauti ilikuwa imebadilika, na mikono ilikuwa imeanza kwenda haraka. Metrine akapaka tone la kila chupa kwenye sahani ndogo zenye chakula cha chachu, akazifungia kwenye kabati la baridi, na akasema sasa hakuna la kufanya ila kungoja.

Kungoja huko kulimtesa Nabututu kuliko msiba. Mandazi yalitoka, lakini wanawake wa Dunga waligundua: siku moja yana chumvi, siku nyingine yameungua upande. Ondiek akauliza kama ile barafu ndiyo anayotumia kukandia. Nabututu alikuwa akipiga simu Maseno mpaka Metrine akamwambia, "Kukhu, kila nikifungua kabati kukuangalizia, joto linaingia," na hapo akakoma, akawa anaitazama simu badala ya kuipiga.

Iliita akiwa uani anachambua omena na Mama Debra.

"Zimeota," Metrine alisema.

Nabututu akasimama, omena zikamwagika. "Zote?"

"Chupa mbili za kwanza, hakuna hata moja. Hiyo ya mlangoni, chache. Chache sana. Lakini Kukhu, nilizipasha hizo kidogo tena, zikavumilia joto ambalo kwa kawaida huziua. Inawezekana zilionywa polepole zikajiandaa. Inawezekana pia ni bahati tu. Siwezi kusema, kwa sababu joto la siku ile, ambalo hakuna aliyelipima, siwezi kulitumia. Kwa hiyo Jumamosi nakuja na vipimajoto nilipime. Utaweka chupa za maji vilevile ulivyoweka siku ile. Beseni hilo, blanketi hilo, makaa hayo."

"Nitaweka."

"Lakini ukishaweka, utoke. Usikaribie jiko. Wewe huwezi kuacha kitu bila kukifunika."

Mama Debra, aliyekuwa amesogeza sikio mpaka karibu aiguse simu, akaangua kicheko.

"Na makaa yataongezwa na nani?" Nabututu akauliza, sauti imepanda. "Siku ile niliongeza. Kama unataka vilevile, lazima yaongezwe."

"Mama Debra ataongeza."

"Huyu?" Nabututu akamtazama jirani yake kuanzia miguuni mpaka juu. "Metrine, mwanangu, huyu anaunguza hata maji!"